Muulize Nesi Mstaafu: "Nikivaa barakoa saluni wananiuliza kama naumwa"

Swali: Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni msusi, nina miaka 29, saluni yetu iko Mbagala Rangi Tatu. Chumba ni kidogo, tuko wasusi wanne, na wikendi wateja hujaa mpaka wengine wanakalia ndoo. Nyumbani naishi na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe, ambaye ana kisukari na presha na analala chumba kimoja na watoto. Tangu waseme kuna wimbi jipya la Korona nimeanza kuvaa barakoa kazini. Wenzangu wananiita "daktari". Wateja wananiuliza kama naumwa, na mmoja alihama kiti akaenda kwa mwenzangu. Bosi kasema barakoa inafukuza wateja, kama naogopa nikae nyumbani. Mume wangu naye anasema kama ni kuambukizwa nitaambukizwa kwenye daladala, kwa hiyo kujifunga mdomo saluni ni kujisumbua tu. Nikivaa nachekwa, nisipovaa nikirudi nyumbani naogopa hata kumsogelea mama. Nivae au niache?
*Msusi wa Rangi Tatu*

Jibu: Marahaba mwanangu. Vaa. Lakini si lazima uivae kila mahali kuanzia asubuhi mpaka usiku. Ivae pale inapofanya kazi, na pale isipohitajika ivue upumue.

Kuna kisa cha wasusi wenzako nataka ukijue. Mei 2020, katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri huko Marekani, wasusi wawili wa saluni moja walipata Korona. Wa kwanza alianza kujisikia vibaya, akaenda kupima, na huku akisubiri majibu akaendelea na kazi kama kawaida. Siku chache baadaye mwenzake naye akaanza dalili, naye akaendelea na kazi. Hadi wanasimamishwa, wawili hao walikuwa wameshika vichwa vya wateja 139. Mji ule ulikuwa na amri ya barakoa ndani ya saluni, kwa hiyo wasusi walivaa, na wateja karibu wote walivaa. Watu wa afya wakawafuatilia wateja wote 139 kwa wiki mbili. Hakuna aliyeonyesha dalili. Waliokubali kupimwa walikuwa 67, na wote hawakuwa na virusi. Hao wengine hawakupimwa, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kimyakimya. Lakini wewe unaijua kazi yako: msusi anamwinamia mteja, mdomo wake uko sentimita chache kutoka sikioni, na wanaongea. Watu 139, na hakuna aliyeugua!

Sasa kuna sehemu ya kisa hiki ambayo wengi huiruka. Yule msusi wa pili aliupata wapi? Uchunguzi ulionyesha kwamba wasusi hao, kila walipomaliza mteja na kusubiri mwingine, walikuwa wakivua barakoa na kupiga soga. Na yule wa kwanza aliwaambukiza watu wake wa karibu wanne, mumewe akiwemo. Hao hakuwa akiwavalia barakoa.

Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu juu ya wateja, itazame saluni yenu saa saba mchana. Chipsi mayai zimefika, sahani moja, wasusi wanne vichwa vimekutana, mmoja anasimulia ya jana mtaani na wengine wanacheka midomo imejaa. Barakoa yako wakati huo iko kidevuni. Ukitaka ushauri wangu mmoja tu katika jibu hili lote, ni huu: chakula chako ukile nje, barazani, na kama mwenzako anataka soga mje wote nje. Hutaonekana unajitenga. Ndani kuna joto la draya, nani asiyetaka upepo?

Mumeo yuko sahihi nusu. Daladala ya Mbagala saa moja asubuhi ni mahali pa kuvaa barakoa, hakuna mjadala, na dirisha lifunguliwe hata kama abiria wa mbele analalamikia nywele zake. Mimi nilifanya kazi wodi ya kifua kikuu miaka mingi, na kitu cha kwanza tulichofundishwa, kabla ya dawa zenyewe, kilikuwa kufungua madirisha. Ila mumeo anasahau saa. Kwenye daladala unakaa saa moja, saa moja na nusu kukiwa na foleni. Saluni unakaa siku nzima. Kusuka rasta mteja mmoja ni saa nne au tano, chumba kidogo, kelele za draya zinawalazimisha wote kupaza sauti, na anayepaza sauti anatoa pumzi na mate mengi kuliko aliyenyamaza. Kama ningelazimishwa kuchagua pahali pamoja pa wewe kuvaa, ningechagua saluni.

Watu huniuliza, hivi kirusi kidogo namna ile kitazuiwa na kitambaa? Kirusi hakirushwi peke yake. Kinatoka ndani ya vitone vya mate na unyevu wa pumzi, vingine vikubwa vinaanguka karibu, vingine vidogo sana vinaelea chumbani kama moshi wa udi. Barakoa inanasa sehemu kubwa ya hivyo vikubwa pale vinapotoka mdomoni, na kupunguza hivyo vidogo. Kupunguza, sisemi kumaliza. Ndiyo maana barakoa na dirisha wazi vinakwenda pamoja. Huko kwenu zimeni kiyoyozi kama mnacho, fungueni mlango, na feni ielekezwe nje.

Nitakupa na ushahidi mwingine, maana najua bosi wako atasema mambo ya Missouri ni ya Wazungu. Nchini Bangladesh watafiti walikwenda kwenye vijiji 600, vyenye watu wazima zaidi ya laki tatu. Nusu ya vijiji viligawiwa barakoa bure, viongozi wakavaa hadharani, watu wakakumbushwa sokoni na misikitini. Hawakutumia faini wala viboko. Waliovaa sawasawa wakapanda kutoka 13 hadi 42 katika kila watu 100. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Science Desemba 2021. Kwenye vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, walioumwa na kuthibitishwa kwa kipimo cha damu kuwa ni Korona walipungua kwa asilimia 11. Ni kidogo? Ni kidogo, na kumbuka zaidi ya nusu ya watu bado hawakuvaa. Lakini kwa wenye miaka 60 na kuendelea, upungufu ulikuwa asilimia 35. Hapo ndipo alipo mama mkwe wako. Barakoa za kitambaa hazikuonyesha faida iliyo wazi hivyo, kwa hiyo kwa kazi yako nunua za hospitali.

Nunua kwenye duka la dawa, zikiwa kwenye boksi. Zile zinazoning'inia kwenye mkono wa kijana pale kituoni zimekula vumbi tangu alfajiri na kila mteja amezipapasa. Upande wa bluu unakaa nje. Kile kiwaya cha juu kibane kifuate mfupa wa pua, na chini barakoa ifike chini ya kidevu. Pua ikibaki nje umevaa pambo. Ikilowa jasho au mvuke wa kuoshea nywele, badilisha. Kwa kazi ya saluni, weka moja ya asubuhi na moja ya mchana. Siku huna ya hospitali, vaa ya kitambaa, lakini iwe ya tabaka tatu kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza tangu Juni 2020. Fundi akikushonea ya kitenge tabaka moja, iinue juani: ukiona mwanga unapita, mrudishie.

Kuhusu kuchekwa. Hatuwezi kujifanya hatujui kicheko hiki kilitoka wapi. Kati ya Aprili na Mei 2020 takwimu zilikoma kutangazwa tukiwa na wagonjwa 509, Juni tukaambiwa Mungu ameuondoa ugonjwa, na kuanzia hapo anayevaa barakoa akaonekana ama mgonjwa, ama mwoga, ama mwenye imani haba. Watu hawaachi mazoea ya mwaka mzima kwa siku moja. Lakini mambo yalishabadilika. Aprili 2021 Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, Mei akakutana na wazee wa Dar es Salaam akiwa na barakoa na wazee nao wamevaa, na tarehe 28 Julai akachanjwa pale Ikulu mbele ya kamera. Wenzako wamechelewa habari tu.

Mteja akikuuliza kama unaumwa, usianze kumfundisha virusi. Mwambie, "Siumwi dada, nina mama mgonjwa nyumbani." Mtu wa kwetu akisikia mama mgonjwa, hana neno tena, atakuuliza anaumwa nini na mtamaliza rasta mkizungumzia kisukari. Yule aliyehama kiti mwache, amekwenda kupumuliwa shingoni bure.

Bosi ni mtu wa hesabu, mpe hesabu. Ile saluni ya Springfield ilifungwa siku 3 kusafishwa, na wasusi wake wawili wakakaa nje ya kazi. Kwenu mkiugua wawili kati ya wanne Desemba au wiki ya Idi, nani atasuka? Akikataa kabisa, omba kitu kimoja kilicho rahisi kwake: kiti chako kikae karibu na mlango. Hapo utapata hewa, na mteja anayetaka hewa atakuja kwako.

Mwisho ni mama mwenyewe, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umeniandikia habari za barakoa barua nzima na hukuniambia kama mama amechanjwa. Mwenye umri wake, kisukari na presha ndiye hasa chanjo ilimlenga. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, na wewe na mumeo mchanje pia. Akienda kliniki yake ya sukari avae barakoa ya hospitali, siyo ya kitambaa. Kama inawezekana watoto wahamie kwenu usiku hasa wanapokuwa na mafua, maana watoto huleta kila kitu kutoka shule. Na kama nyumbani mnajifukiza, sitamkataza mama nyungu yake, ila aingie peke yake. Nimeona familia watu watatu ndani ya blanketi moja wanapuliziana mvuke usoni, mmoja anakohoa, na wanaita tiba. Tena sufuria ya maji ya moto na mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, hiyo peke yake inanitisha.

Siku ukijisikia homa, koo au mwili kuuma, barakoa haikupi ruhusa ya kwenda kazini. Wale wa Springfield waliponea chupuchupu. Kaa nyumbani, mama apikiwe na mtu mwingine.

Swali: Habari mama. Naendesha boda hapa Nakuru. Nikivaa barakoa ndani ya helmeti napumua kwa shida na miwani inajaa ukungu. Kwani nikiwa barabarani upepo haunitoshi?
*Mwanaboda*

Jibu: Upepo unakutosha, kiafya. Hewa ya wazi ni mahali salama kuliko pote, na kwenye pikipiki inayotembea hatari ni ndogo sana. Na kwenu Kenya ile kanuni ya barakoa hadharani, iliyokuwa na faini hadi shilingi 20,000 au kifungo hadi miezi 6, iliondolewa Machi 2022, kwa hiyo hilo halikubani tena. Ukungu wa miwani unaisha ukiubana vizuri waya wa puani. Mimi nina wasiwasi na stejini zaidi, mnapobanana kumi kwenye kibanda cha mabati mvua ikinyesha. Hapo ndipo pa kuvaa. Na helmeti ya abiria, ile inayopita vichwa ishirini kwa siku, ifute.

Swali: Mwanangu ana miaka 3. Shule ya awali wanasema kila mtoto aje na barakoa. Akivaa anailamba, anambadilishia mwenzake. Nifanyeje?
*Baba wa Tabata*

Jibu: Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema mtoto wa miaka 5 na chini yake halazimiki kuvaa, kwa sababu hiyohiyo uliyoiona. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 usijaribu kabisa, anaweza kubanwa pumzi na hana namna ya kuivua. Mwombe mwalimu avae yeye, maana ndiye anayeimba kwa sauti darasani siku nzima, afungue madirisha na awatoe nje kila inapowezekana. Na wewe ukiamka mtoto ana homa, usimpe panadol ukampeleka. Baki naye.