Korosho Nyingi, Sukari Nyingi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika ghala la korosho. Msimu uliopita nilimwandikia mnunuzi wa nje kwamba "we have few bags", nikikusudia kumjulisha kuwa yapo magunia machache ambayo angeweza kuyachukua, lakini hakuleta gari. Tena huchanganya "many" na "much" kila ninapoandika. Naomba msaada.
Msomaji, Masasi

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na gari ambalo halikuja. "Few" ikisimama peke yake hueleza uhaba, kwa hiyo mnunuzi wako alisoma kwamba magunia yamebaki machache mno, hayafikii hata kulipia safari. Ungeandika "a few bags" angeelewa kwamba yapo. Tofauti hiyo hiyo imo kati ya "little" na "a little", ila hizo ni za visivyohesabika, kama sukari na muda.

Kuhusu "many" na "much", kosa linatokana na lugha yetu wenyewe, kwa kuwa sisi husema korosho nyingi na sukari nyingi kwa neno lile lile, ilhali Kiingereza huzihesabu korosho na kuikataa sukari. Maji ndiyo hupotosha zaidi, maana yamevaa upatanisho wa wingi, na mwanafunzi akisikia "maji haya" huyapa "many" bila kusita. Basi achana na "-ingi", ujaribu "ngapi". Magunia mangapi? Yanakubali, kwa hiyo ni "how many bags". Maji mangapi? Hata mtoto hasemi hivyo. Husema maji kiasi gani, nayo ni "how much water". Ukishayatia ndooni, zinazohesabiwa ni ndoo: "how many buckets of water".

Yapo maneno yanayokiponyoka kipimo hiki. Sokoni twauliza "pesa ngapi?", lakini kwa Kiingereza ni "how much money", ingawa shilingi zenyewe ni "how many shillings". Mizigo miwili uliyoshusha stendi ni "two pieces of luggage", kamwe si "two luggages". Vivyo hivyo "furniture", "information" na "advice". Haya, nakiri, ni ya kukariri tu.

Ukikwama, andika "a lot of", inayokubali korosho na sukari pia, na ambayo katika sentensi za kawaida za kukubali husikika vizuri kuliko "much". Kwa mnunuzi wako, "We still have a few bags" yatosha.