Huenda ni macho yasiyoshirikiana

Dada, umesema mwanao alisoma herufi zote za ukutani alipopimwa macho, lakini akisoma kitabu maneno "yanacheza". Kusoma herufi hizo zote hakumaanishi macho yake yanashirikiana. Kipimo kile ni cha mbali, tena jicho mojamoja. Kitabuni macho yote mawili lazima yageukie ndani pamoja. Yakishindwa, ndipo hayo maneno "yanayocheza", kichwa kuuma, kuruka mistari, kufumba jicho moja. Huitwa upungufu wa konvajensi, na watoto wengi husingiziwa uvivu.

Msogezee ncha ya kalamu taratibu kuelekea puani. Akiiona mbili, au jicho moja likikimbilia nje, kabla haijafika sentimita 6, mpeleke kwa mtaalamu wa macho na umwambie wazi apime ushirikiano wa macho kwa karibu. Usipoomba, wengine hawapimi.

Tiba ni mazoezi. Utafiti wa Marekani wa 2008, watoto 221, ulionyesha wiki 12 za mazoezi ya kliniki zikiongezewa ya nyumbani zinashinda kusogeza kalamu nyumbani peke yake. Ila usitarajie alama za ufahamu wa kusoma zipande zenyewe: utafiti wa 2019 haukuona mazoezi hayo yakizidi ya bandia kwa hilo.