Usinitumie picha ya kofia

Masika ya mwaka juzi nilimtumia mtaalamu mmoja picha kumi na moja za uyoga. Nilikuwa nimejipanga: jua la asubuhi, matone ya mvua bado yako juu, nyuma kumefifia kama picha za harusi. Jibu lilikuja mchana. "Dada, picha nzuri. Ila zote ni kofia. Mtu aliyevaa baraghashia ukimpiga picha kutoka ghorofani, utamjua ni nani? Ugeuze."

Mimi si msomi wa fani hii. Nalima uyoga mamama kwenye banda nyuma ya nyumba, huku Goba, Dar es Salaam, na nilianza kuokota wa porini kwa udadisi tu, baada ya kuona kila mvua ikinyesha unaota uyoga mwingine kabisa nje ya banda langu, bila kumwagiliwa wala kubembelezwa. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyajua kwa kukosea.

Kosa la kwanza ni kukimbilia jina. Sisi tukiona uyoga tunauliza mambo mawili kwa mpigo: unaitwaje, na unaliwa? Anayeijua kazi huanza na swali jingine: ukoje? Niliwahi kuiuliza programu ya simu, nayo ikanipa bila aibu jina la uyoga wa Ulaya unaoota chini ya mialoni. Pale nilipousimamia palikuwa na mwembe, mpapai na simtanki. Jina lisilo na maelezo ni uvumi tu.

Na ujue unachokieleza si mmea. Mwaka 1753 Linnaeus, Msweden aliyeasisi mpangilio wa majina ya viumbe, alizipanga kuvu, yaani ukoo wa uyoga, humo humo kwenye mimea, na dhana hiyo ilidumu sana. Ni mwaka 1969 mwanabiolojia Mmarekani Whittaker alipopendekeza himaya tano za viumbe, kuvu wakiwa na ya kwao. Kuta za seli zao zina kaitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la kamba na la mende, na kwa vinasaba wako karibu na sisi wanyama kuliko na mchicha. Mwenye banda la mamama hili halimshangazi. Anajua kwamba kiumbe chenyewe ni zile nyuzi nyeupe zinazotambaa ndani ya mfuko wa pumba na majani kwa wiki kadhaa, na uyoga unaotokeza ni kama embe kwa mwembe. Unaeleza tunda.

Sasa geuza. Chini ya kofia ndiko kwenye habari. Kuna wenye vipande vyembamba vilivyopangana, mimi naviita kurasa. Kuna wenye vitundu kama sponji, wenye meno, na kuna ule unaofanana na sikio la mtu, laini pande zote. Ukikuta kurasa, tazama zinavyokutana na mguu: zimeishia kabla ya kuufikia, zimeugusa, au zimeteremka nao kama za mamama? Nenda kwenye tawi lolote la mwembe lililokauka, utafute viuyoga vidogo vyeupe vya umbo la kipepeo cha kupepea jiko, vyenye manyoya, vigumu kama ngozi, visivyozidi ukucha wa dole gumba au mara mbili yake. Vigeuze utaona kila ukurasa umepasuka katikati kwa urefu. Huo ni Schizophyllum commune, Elias Fries wa Sweden aliupa jina hilo mwaka 1815, na upo karibu dunia nzima. Wenye hadubini wanakwambia una zaidi ya aina 20,000 za kujamiiana, yaani sisi na "mume na mke" zetu hatujafika popote. Mimi nilikuwa nikiuchoma pamoja na takataka.

Halafu kitako. Hapa nilipata aibu yangu kubwa. Shambani kwa shemeji, Kisarawe, niliona uyoga mzuri kando ya kichuguu, nikaushika shingoni nikang'oa. Ukakatika. Nikampelekea mtaalamu, akauzungusha mara mbili: "Umeniletea mtu nusu." Safari iliyofuata nilichimba taratibu kwa ncha ya panga, nusu saa nzima, shemeji akinicheka kutoka kivulini. Mguu haukuishia kwenye udongo. Uliendelea kushuka, ukawa mwembamba kama mkia, mweusimweusi kwa nje na mweupe ndani, ukapita urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, ukaishia kwenye kitu cha kahawia chenye vyumba vyumba kama ubongo wa mbuzi. Hayo ni masega ya mchwa. Mchwa wanakusanya majani makavu na miti, kuvu inawayeyushia, wao wanakula. Uyoga wa namna hii ni jenasi moja, yaani kundi la spishi za ukoo wa karibu, na Mfaransa Roger Heim aliiita Termitomyces mwaka 1942; ule mkia ndio kitambulisho cha wengi wao. Ndani ya jenasi hiyo hiyo kuna Termitomyces titanicus, ulioelezwa kutoka Zambia mwaka 1980, kofia yake inaweza kufika mita moja, na kuna Termitomyces microcarpus unaoota mamia kwa mamia, kila mmoja saizi ya kitufe. Ukiangalia ukubwa tu, utaapa hawajuani.

Chimba kwa sababu nyingine pia. Uyoga wa jenasi ya Amanita, ambamo wamo wauaji wakubwa, mara nyingi huacha kikombe chake ardhini. Ukiukata kwa kisu juu juu umekiacha kile ambacho kingekuonya.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni chapa ya spora, yaani alama ya ule unga ambao uyoga huzaliana kwao, na halina gharama. Kata mguu pale unapokutana na kofia. Laza kofia kwenye karatasi, kurasa zikitazama chini. Ukipata karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi ni bora zaidi, maana spora nyeupe hazionekani juu ya nyeupe. Funika kwa bakuli, zima feni, kalale. Fries yule yule, aliyeanza kuchapa mpangilio wake mkubwa mwaka 1821, aliugawa uyoga wenye kurasa kwa rangi ya spora, na mpaka leo hiyo ni njia ya kwanza ya kupunguza maswali.

Kuna mama jirani yangu, mwenyeji wa Iringa, mtu mzima ambaye uyoga kaula tangu utoto. Siku moja, baada ya mvua ya siku tatu, akaja na beseni limejaa uyoga mweupe mnene aliouchuma kwenye nyasi za ofisi anakofanya usafi. Kofia pana kama sahani ya chai, magamba ya kahawia katikati, pete shingoni, kurasa nyeupe pe. "Huu wa kwetu kabisa, mwanangu. Jioni naunga na karanga, nitakuletea." Nikamwambia mama, samahani, nisaidie mmoja tu, na tafadhali usiunge leo. Akanitazama kama nimemtukana, lakini akaliweka beseni kwenye friji.

Nilichukua uliokomaa kidogo. Asubuhi nikainua bakuli. Kwenye karatasi palikuwa na duara lenye mistari kama spoku za baiskeli, na ule unga haukuwa mweupe, haukuwa kahawia, haukuwa mweusi. Ulikuwa kijani kilichopauka, kama ukungu wa mkate uliosahaulika. Nikaipeleka ile karatasi kwa mama bila kusema kitu.

Huo ni Chlorophyllum molybdites. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1818 kutoka Guyana, na unapenda nyasi za nchi za joto. Ungetutapisha na kutuharisha sisi wote, karanga zisingesaidia. Ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe, ukijani huja baadaye, ndiyo maana macho ya mzoefu nayo hudanganyika. Mama alimwaga beseni lote kwenye shimo la taka, akanawa mikono, akakaa kimya kidogo. "Lakini ulifanana," akasema.

Tafadhali usigeuze hadithi hii kuwa kanuni. Chapa nyeupe si ruhusa ya kupika: Amanita wauaji nao chapa yao ni nyeupe, sumu yao haiondoki kwa kuchemsha, hukaa kimya saa 6 hadi 12 au zaidi ndipo tumbo linaanza, na kinachoharibika ni ini. Ile ya "ukiliwa na wadudu ni salama", na ile ya kijiko cha fedha kugeuka cheusi kwenye sumu, zitupe zote. Mimi ninaokula ni ule wa bandani kwangu, basi.

Mengine ni haraka haraka. Nusa kabla hujagusa sana. Kata katikati uone kama unabadilika rangi au unatoa maziwa. Andika umeota kwenye nini, udongo, kinyesi, au mti, na mti gani. Hilo la mti si urembo: uyoga mwingi unaouzwa mkavu kutoka misitu ya miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti yenyewe, ndiyo maana hakuna anayeulima bandani. Weka rula pembeni. Ukikosa, sarafu ya shilingi 200.

Na andika siku hiyo hiyo. Niliwahi kuokota uyoga wa kijivu kwenye rundo la samadi, nikauacha kwenye gari hadi kesho. Nilikuta wino. Si mfano, wino mweusi kweli, umechafua kiti. Kuna kundi linalojiyeyusha hivyo likishakomaa. Mmoja wao, Coprinopsis cinerea, watafiti wetu wameulima kwenye mabaki ya mkonge. Zamani wote waliitwa Coprinus. Mwaka 2001 vinasaba vikaonyesha kwamba hawakuwa ukoo mmoja, jina likabaki kwa wachache, wengi wakahamishiwa jenasi nyingine.

Majina huhama hivyo. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake waliipandisha Afrocantharellus, tawi la jenasi Cantharellus, kuwa jenasi kamili. Wengine hawakuafiki, wakairudisha ndani ya Cantharellus. Mwanzoni mabishano haya yaliniudhi, nikayaona ya wasomi wasio na kazi. Siku hizi nayapenda, kwa kuwa maelezo mazuri hayachakai jina likibadilika. Kuvu waliokwisha kupewa majina ni kama 150,000, na makadirio ya mwaka 2017 yanasema waliopo wanaweza kuwa kati ya milioni 2.2 na 3.8. Tangu 2013 jina jipya halikubaliki bila kusajiliwa, na lazima iwepo sampuli halisi iliyohifadhiwa mahali. Sampuli hiyo iliokotwa na mtu, akaiweka kwenye bahasha.

Bahasha ya khaki, nasema. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vile vifuko laini vya karanga bado vipo, na uyoga ukikaa humo unatoka jasho na kuoza. Kata vipande, kausha kwa moto mdogo sana au kwenye upepo mkavu hadi ukatike kama biskuti. Kwa unyevu wa Dar hiyo haitoshi. Weka ndani ya kopo pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mimi nawaombea wauza viatu wa soko la Karume hadi wananijua.

Hivi ndivyo ninavyoandika sasa, kutoka kwenye daftari:

"Goba, saa 1 asubuhi, mvua jana usiku. Gogo la mwembe, upande wa kivuli. Vishada vya 5 hadi 8. Kofia sm 2 hadi 4, kahawia katikati, krimu pembeni, inateleza. Kurasa nyeupe, zimegusa mguu, hazijateremka. Mguu sm 5, unapindika kama mpira, hauna pete. Kitako hakina kikombe, nyuzi nyeupe zimeingia kwenye gome. Harufu ya unga wa ngano uliolowa. Ukikatwa haubadiliki. Chapa nyeupe. Bahasha 37."

Niliituma nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyemaliza mtihani mapema. Mtaalamu akasoma, akanisifu, kisha akauliza kitu kimoja: kurasa zimebanana au zimeachana?

Nikafungua bahasha 37. Zilikuwa zimejikunja zote, hazihesabiki.