Jirani mwema, na moyo unakataa: mtazame ukimwambia "ngoja niulize"

Dadangu uliyeuliza kuhusu jirani yako wa Kongowea, anayekupelekea watoto shule kila asubuhi na sasa anataka umdhamini mkopo wa sacco, chama cha akiba na mikopo: umesema moyo umekataa ila huna sababu ya kumpa. Usiudharau moyo huo. Mimi wangu niliunyamazisha.

Mzee wetu alipofariki alituachia nyumba Majengo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Watu wa Mombasa mnaijua habari ya nyumba bila ardhi: kuta zetu, kiwanja cha mwingine, na kila mwezi tunalipa kodi ya ardhi. Kulikuwa na bwana mmoja niliyejuana naye msikitini. Mazishini alibeba jeneza, akahangaika na masufuria ya pilau, na kwenye hitima ya arobaini akaja na halwa. Jioni tulikaa barazani kwa kahawa chungu, na sikutambua kwamba msemaji nilikuwa mimi peke yangu. Alishajua kodi tumechelewesha miezi mingapi, ndugu yangu yupi tumekosana, hati za mzee ziko kabati gani. Ya kwake sikuyajua, hata kwao sikuwahi kufika.

Siku moja akasema, "Hizo pesa za kodi nipe mimi nikupelekee, wakala wa mwenye ardhi tunajuana." Nikamjibu kwamba nitamuuliza ami kwanza. Akacheka, akanishika bega: "Mtu mzima wewe, bado waomba ruhusa?" Kisha siku mbili hakupokea simu yangu. Nikaona nimemkosea. Nikaenda kumwomba radhi, na pesa nikampa, bila risiti, mwezi baada ya mwezi.

Dada, dalili ilikuwa pale. Si kwenye halwa wala tabasamu, maana watu wema nao huleta halwa, na siwezi kukufundisha kuogopa wema wakati Pwani hii tumelelewa na majirani. Mtazame mtu unapomwambia "ngoja niulize." Anayekutakia heri atakwambia uliza, hata kama limemuuma kidogo. Mwenye lake hununa, au hukutia haya, au ghafla mambo yanakuwa ya haraka, leo ndiyo mwisho.

Barua ya wakili ilipotufikia, tulidaiwa miezi tisa. Wakala alimjua yule bwana kweli, lakini kama mtu aliyekwenda kuulizia kiwanja chetu kwa niaba ya mnunuzi. Ami akatukusanya, tukachanga, tukalipa, nyumba ipo. Katika kikao hicho ndipo nilipogundua kwamba maneno yangu ya barazani alikuwa akimpelekea ndugu yangu, na ya ndugu yangu akiniletea mimi, kila moja limeongezwa chumvi. Hilo liliniuma kuliko pesa. Tulikaa mwaka mzima bila salamu kwa ajili yake.

Sasa lako. Kumdhamini mtu kwenye sacco si kutia sahihi tu. Akishindwa kulipa, deni linakatwa kwenye akiba yako, na mkopo wake ukiwa haujaisha kwa kawaida huwezi kutoa akiba iliyoshika dhamana. Usimwambie hapana bado. Mwambie utazungumza na watu wako, kisha mtakwenda pamoja ofisini, afisa akueleze mbele yake ana mikopo mingapi. Uangalie kesho asubuhi kama atawapitia watoto.