Nilimtukana Maguire miaka yote, leo namtetea. Nina tatizo?

SWALI: Anko shikamoo, pole na majukumu. Mimi Manchester United damu, na kusema kweli kuna mtu nilimchukia kwenye hii timu kuliko hata wapinzani wetu, naye ni beki wetu Harry Maguire. Tukifungwa tu mimi ndo wa kwanza kutupia klipu zake kwenye grupu, zile anazogeuka kama lori limeingia uchochoroni. Sasa sijui imekuwaje, siku hizi akipangwa natulia, asipokuwepo naulizia yuko wapi. Juzi nikamtetea, weee, wakafukua meseji zangu za zamani wakazibandika moja baada ya nyingine, naitwa kigeugeu, naitwa shabiki maandazi. Nikae kimya au nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza hao waliofukua meseji zako waambie wabandike na za kwao, tuone kama hawajazifuta.

Haya, twende taratibu. Agosti 2019 United walimchukua kutoka Leicester kwa pauni milioni 80, beki yeyote duniani alikuwa hajawahi kununuliwa bei hiyo. Bei hakujipangia yeye lakini sisi tukawa kila akipigwa chenga tunaisoma mgongoni kwake, beki wa bei ya kawaida akiteleza ni bahati mbaya, wa milioni 80 akiteleza ni wizi. Halafu hizo klipu zako, hebu irudie moja leo bila kucheka. Usimwangalie yeye, angalia sekunde tano kabla, nani kapoteza mpira katikati, beki wa pembeni yuko wapi, na uwanja mtupu ulioko nyuma yake una ukubwa gani. Maguire ni mtu wa vichwa na kukaba ndani ya boksi, mbio hana na hajawahi kuwa nazo, sasa ukimpandisha mpaka mstari wa kati halafu ukamwachia mtu mwenye kasi, unategemea nini? Simtetei kwa yote, kuna makosa ni yake kabisa na hata mama yake anajua.

Na huyo mama tusimsahau. 2023 ulikuwa mwaka mbaya, Julai kavuliwa unahodha wa United, Septemba kaingia kipindi cha pili England wakicheza na Scotland akajifunga, na mashabiki wa Scotland wakawa wanamshangilia kwa kejeli kila akigusa mpira. Mama mzazi ikabidi aandike mtandaoni kulalamikia anavyofanyiwa mwanae. West Ham walikuwa wanamtaka kabla ya hapo na njia ya kuondoka ilikuwepo, yeye akabaki, akakaa benchi, na Novemba hiyohiyo akawa mchezaji bora wa mwezi wa Ligi Kuu ya England. Nadhani hapo ndo ulipoanza kulegea ila hukujua.

Maana hata wewe hujafika kwa mbunge Isaac Adongo wa Ghana. Mwaka 2022 alisimama bungeni akamfananisha makamu wa rais na Maguire, kwamba ni beki anayewapa wapinzani magoli, bunge likavunjika mbavu. Mwaka mmoja baadaye mbunge yuleyule kasimama palepale, anamwomba radhi. Maguire, sio makamu wa rais! Na Maguire akamjibu mtandaoni kwamba amepokea.

Ila mimi nakushuku kilichokumaliza ni ile mechi ya Europa League na Lyon ya Ufaransa, 17 Aprili 2025, bisha. Tunaongoza 2-0 Old Trafford, wanarudisha, wanabaki kumi, halafu kwenye muda wa nyongeza hao kumi wanatutia mbili, 4-2, watu washaanza kuzima TV. Bruno wetu anafunga penalti, Mainoo anasawazisha dakika ya 120, na dakika inayofuata Casemiro anamwaga krosi, na nani yuko pale mbele kama straika? Lile kichwa ulilolifanyia katuni miaka yote. 5-4. Mtu ukishamkumbatia jirani yako kwa sababu ya goli la fulani, kumtukana tena ni kazi.

Kwa hiyo usikae kimya, andika kwenye grupu mstari mmoja tu, "kwa Maguire nilikosea," usiweke maelezo wala emoji. Na akiboronga Jumamosi mseme kama kawaida, hujafunga naye ndoa.

SWALI: Anko, na mimi ambaye mpaka leo siwezi kumsamehe Suárez wa Uruguay kwa ule mkono wa Kombe la Dunia 2010, alipozuia goli la Ghana kwa mkono, nina roho mbaya?

JIBU: Wewe acha tu, uko sawa. Mkono ulimpa kadi nyekundu, Gyan wa Ghana akapiga penalti ikagonga mwamba, Uruguay wakapita kwa matuta, sheria ilifuatwa yote na bado inauma. Na Kombe la Dunia 2022 walipopangwa tena na Ghana, Suárez akaulizwa kama ataomba radhi akasema haombi, penalti hakukosa yeye. Kesho yake Uruguay wakashinda 2-0 na bado wakatolewa, kwa sababu Korea Kusini walimfunga Ureno huko kwingine. Ghana nao walikuwa nje ila mashabiki wao walikuwa wanashangilia, na Suárez benchini, jezi kaivuta mpaka puani, analia. Mimi ile picha ninayo kwenye simu.