Fedha za NDIS za kijana wangu: nizishike mwenyewe?

SWALI: Mama, salamu kutoka Toowoomba. Kijana wangu ana miaka 19, ana mtindio wa ubongo, anatembelea kiti cha magurudumu. Baada ya wiki tatu tuna mkutano wa mpango wake wa NDIS, ule mfuko wa serikali ya Australia unaolipia huduma za wenye ulemavu, na wameniambia nichague: fedha zisimamiwe na shirika lenyewe, na meneja wa mpango, au na sisi wenyewe. Shemeji yangu anasema nizichukue, ziingie benki, halafu mkewe aje kumhudumia kijana alipwe. Kuna kampuni nyingine ilikuja nyumbani na tableti ya zawadi, inataka nisaini iwe meneja wetu. Mimi namtaka mama mmoja wa kanisani kwetu. Anamwogesha vizuri na wanaelewana kwa Kiswahili, ila hana kampuni. Kiingereza changu ni cha dukani. Nifanyeje? Baba wa Watatu.

JIBU: Baba, nianze na huyo mama wa kanisani, maana yeye ndiye nusu ya jibu lako. Ukiliachia shirika lenyewe fedha, hutasumbuka na karatasi hata moja, lakini litawalipa watoa huduma waliosajiliwa NDIS peke yao. Yeye hajasajiliwa. Kwa hiyo njia hiyo umeshaifunga, labda ukubali kijana aogeshwe na mgeni asiyejua hata kumwambia "pole".

Zimebaki mbili. Meneja wa mpango anapokea invoisi, anazilipa, anakutumia hesabu kila mwezi. Anaweza kumlipa aliyesajiliwa na asiyesajiliwa, mradi bei isizidi kikomo cha NDIS. Ada yake, dola 100 na ushei kwa mwezi, ina kifungu chake katika mpango, haimegwi kutoka saa za kijana. Ila litamkeni mkutanoni kwamba mnamtaka, kiandikwe. Na usimchanganye na mratibu wa huduma: huyo kazi yake ni kukusaidia kutafuta watu, meneja ni wa kulipa tu. Wengi wetu tumemlalamikia meneja bure kwa sababu hiyo.

Kujisimamia nakujua kwa maumivu. Mwaka wa kwanza wa mpango wa binti yangu nilizishika mwenyewe. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako ukipoteza kadi ya mgao umelala njaa, nikajiona mtu wa kutunza karatasi. Risiti zote nilizitia katika kopo la biskuti juu ya friji. Kiangazi cha Queensland kikapita. Walipotaka kukagua nikafungua kopo, nakuta vikaratasi vyeupe! Risiti za mashine hufutika kwa joto. Malipo matatu nikashindwa kuyathibitisha, nikayarudisha kutoka mfukoni mwangu, kidogo kidogo, karibu mwaka mzima. Na kumbukumbu hizo zinatakiwa zikae miaka 5. Siku hizi nachukua picha kabla sijatoka mlango wa duka.

Hata hivyo sikuacha kabisa. Huduma nyingi za binti yangu analipa meneja, na kipande cha mazoezi ya viungo nakishika mimi, kwa sababu fisiotherapisti anayempenda anatoza juu ya kikomo, na anayejisimamia ndiye pekee anayeruhusiwa kulipa juu yake. Fedha ni zile zile lakini, kwa hiyo vipindi vinapungua. Kuchanganya namna hii kunaruhusiwa, na mara nyingi hawakuambii usipouliza.

Sasa piga hesabu. Kampuni iliyosajiliwa inaweza kukutoza dola 70 hivi kwa saa mchana wa siku ya kazi. Tuseme mama wa kanisani anataka 48. Kwa dola 24,000 unapata saa 500 kwake, na kwa kampuni hazifiki 345. Mwambie achukue namba ya biashara, ABN, awe anatuma invoisi, na ajikatie bima. Ukimwajiri wewe moja kwa moja umekuwa bosi: kodi, akiba yake ya uzeeni, bima ya kuumia kazini, vyote juu yako. Kwa Kiingereza cha dukani, hapana. Na msizimalize saa mapema, kwa kuwa mipango mipya hutoa fedha kwa vipindi, mara nyingi vya miezi mitatu mitatu.

Shemeji mwambie kwa upole kwamba NDIS kwa kawaida haiwalipi ndugu, isipokuwa kwa hali za pekee. Fedha za kijana zikiingia benki, ziwe katika akaunti ya pekee isiyochanganywa na fedha nyingine, kwa sababu si zako wala za shemeji.

Jambo moja limenikera, nisamehe. Barua yako ndefu, lakini sijaona neno moja alilolisema kijana. Ana miaka 19, NDIS inamhesabu mtu mzima, na saini yako haitoshi kama hujateuliwa rasmi kuwa mwakilishi wake. Muulize leo jioni anamtaka nani amwogeshe. Pengine anamtaka mwanamume, na aliona aibu kukwambia mbele ya mama mtu. Binti yangu alinyamaza miezi minane kuhusu dada mmoja aliyekuwa akimchania nywele kwa nguvu, kwa vile hakuna aliyemuuliza.

Kwa mkutano huu, ningekuwa wewe, ningeomba meneja wa mpango kwa kila kitu. Ukishaizoea hesabu yake ya kila mwezi, omba kujisimamia kipande kimoja kidogo. Unaweza kuomba kubadilishiwa wakati wowote. Usitafsiriwe na mtoto wako mdogo. Piga 131 450, namba ya wakalimani, sema "Swahili", waombe wakuunganishe na NDIS, 1800 800 110. Mkalimani huyo halipwi kutoka kwenye mpango.

Na ile tableti, kama bado iko kwenye boksi, irudishe. Ukishaiwasha watakuja na karatasi ya kusaini.