Nani alichukua ligi ya mwaka 2022? Mimi niliyekesha sikumbuki

Mkuu, umeuliza: "Nyinyi mliokuwa mkikesha kwa ajili ya IPL, ile ligi ya kriketi ya India, mbona siku hizi kimya? Mmezeeka, au hizo ligi zimechuja?" Wenzangu wameshakujibu kwa utani kwamba ni miwani na usingizi. Mimi niache nikujibu kwa urefu, maana swali lako limenikuta na kidonda kibichi.

Mwezi uliopita tukiwa mezani mwanangu aliniuliza nani alichukua IPL mwaka 2022. Fainali ile niliiangalia mwanzo hadi mwisho, tena nilinunua bando kwa ajili yake. Nikabaki na kijiko mkononi, jina haliji. Akatafuta kwenye simu: Gujarat Titans, timu iliyokuwa kwenye msimu wake wa kwanza kabisa. Halafu kwa uchokozi wake akaniuliza Kenya walipata mikimbio mingapi dhidi ya Sri Lanka mwaka 2003. Nikamjibu hajafunga mdomo: 210 kwa wiketi 9, yaani wapigaji tisa wametolewa. Sri Lanka wakatolewa wote kwa 157. Mrushaji wetu Collins Obuya, wiketi 5 kwa kutoa mikimbio 24. Ilikuwa Jumatatu, kwenye Kombe la Dunia, uwanja wa Gymkhana hapa Nairobi.

Miaka zaidi ya ishirini imepita na ile ipo kichwani kama jana. Hii ya majuzi imeyeyuka. Kama ni uzee, huu ni uzee wa ajabu unaochagua cha kula.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: T20 ni kriketi fupi. Kila upande unapiga ova 20, yaani mipira 120, na kwa saa tatu na ushee mmemaliza. Waingereza waliianzisha kwenye ligi yao mwaka 2003. India wakaja na IPL mwaka 2008, na hapo ndipo zilipozaliwa hizi ninazoziita ligi za mnada: timu ni mali ya tajiri au kampuni, wachezaji wananadiwa kwa nyundo, na kila baada ya misimu kadhaa kikosi kinavunjwa karibu chote kisha watu wananadiwa upya.

Mimi kriketi sikuipata kwenye televisheni. Baba alikuwa mtunza kiwanja kwenye klabu moja hapa Nairobi. Alfajiri alikuwa anavuta lile rola la chuma na wenzake wawili, pichi, ule ukanda wa katikati wa kurushia mpira, ikiwa bado na unyevu, kisha anapiga goti na kuibonyeza kwa kidole gumba. Gumba likizama kidogo, atasema leo warushaji watakula. Likigonga kama meza, atacheka: leo wapigaji wana harusi. Mimi nilipewa kazi ya kubeba ndoo ya chokaa ya kuchorea mistari. Nikiwa bado shule, Oktoba 1996, nilitoroka darasa nikaenda Gymkhana siku ile kijana wa Pakistan asiyejulikana, Shahid Afridi, alipofikisha mikimbio mia kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka. Rekodi ile ya dunia kwa mechi za siku moja ilikaa zaidi ya miaka 17. Nilichapwa viboko kesho yake na sijutii.

Kwa hiyo usinielewe kama mzee anayechukia sita, yaani ule mpira unaopigwa ukavuka mpaka bila kugusa chini na kuleta mikimbio sita. Sita nazipenda tangu zamani.

IPL ilipofika 2008 niliingia mzima mzima. Mechi ya kwanza kabisa, tarehe 18 Aprili, Brendon McCullum wa Kolkata alipiga mikimbio 158 kwa mipira 73 na hakutolewa. Bangalore walipokuja kujibu wakaisha kwa 82, yaani timu nzima haikufika hata karibu na mtu mmoja. Nani asingenasa? Timu zilikuwa nane tu, wachezaji niliowajua kwa majina wamechanganywa Mwaustralia na Mhindi chumba kimoja, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Mwaka 2014 nilikuwa kibarua Sharjah. India walikuwa kwenye uchaguzi, kwa hiyo mechi 20 za mwanzo za msimu zikaletwa Falme za Kiarabu. Chumbani tulikuwa sita kwenye vitanda vya kupandiana: mimi, Mganda mmoja, Wapakistani wawili wa Peshawar, Mmalayali wa Kerala na kijana wa Bangladesh. Wale wa Peshawar waliangalia kwa kinyongo, maana tangu msimu ule wa kwanza wachezaji wa timu yao ya taifa hawakuitwa tena. Lakini waliangalia. Nilibadilishana zamu na mwenzangu, tukachanga nauli, tukaenda uwanjani kuwaona Rajasthan na Punjab. Rajasthan walipata 191. Punjab wakazifuata na kuzipita bila jasho, Glenn Maxwell peke yake 89.

Sasa nikuambie kitu nilichokiona usiku ule, ingawa sikukielewa mpaka miaka mingi baadaye. Mbele yangu alikaa jamaa aliyevaa jezi ya Rajasthan na kofia ya Punjab. Kila sita iliporuka, ya upande wowote, anasimama na kupiga ukelele uleule. Si yeye tu, jukwaa zima. Mechi ilipokwisha tulitoka mlangoni maelfu ya watu na sikumwona hata mmoja aliyenuna. Tulikuwa tumetoka kwenye mchezo ambao hakuna mtu ameshindwa! Niliona ni raha kubwa. Tukala shawarma, tukalala.

Mkuu, jibu langu lote limelala kwenye kofia ya yule jamaa.

Mwaka 2003 tuliposhindwa na India kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia lilelile kule Durban, Sourav Ganguly akitupiga mia moja na kitu bila kutolewa, Baba hakula siku ile. Hakuna aliyemlipa wala aliyemuuzia jezi. Ila nahodha wetu Steve Tikolo na wenzake walikuwa watoto wa viwanja alivyovijua yeye, pichi walizokulia alizijua kwa gumba. Kushindwa kuliuma, na ndiyo maana ushindi wa Gymkhana haujafutika.

Ligi za mnada zimejaribu kutuuzia ile raha bila yale maumivu. Na zimezidi kutanuka. Wenye Mumbai Indians sasa wana timu Cape Town, wana Falme za Kiarabu, wana New York, zote zinavaa bluu ileile. Wenye Knight Riders ya Kolkata nao wana Trinidad, Abu Dhabi na Los Angeles. Mchukue Rashid Khan wa Afghanistan, mrushaji ninayempenda kuliko wote walio hai: mwaka 2023, Januari alikuwa nahodha wa watu wa Mumbai kule Cape Town, Aprili kule India akawarushia watu walewale wa Mumbai akiwa na jezi ya Gujarat, halafu majira ya joto akawachezea New York. Simlaumu, riziki ni riziki, na kwao mechi za kimataifa hazichezwi. Mimi mtazamaji ndiye ninayetakiwa kumshangilia na kumzomea kwa mwaka mmoja, na moyo haugeuki kama chapati.

Halafu kuna hili la pichi. Mwaka 2024 Baba alikuja kukaa nami kwa ajili ya kliniki ya macho, nikamwekea IPL jioni. Msimu ule ulikuwa wa maajabu: Hyderabad walipiga 277 mwezi Machi, watu wakasema haitafikiwa, wiki tatu hazijapita wakapiga wenyewe 287. Aprili 26 Kolkata wakapata 261, Punjab wakazifikia wakiwa na mipira minane mkononi. Sita 42 kwenye mechi moja. Sehemu ya sababu ni ile kanuni iliyoingia mwaka 2023 ya mchezaji wa akiba anayeingizwa katikati ya mechi: timu inapata mpigaji wa ziada, basi hakuna anayeogopa kutolewa, kila mtu anafyeka. Baba aliangalia ova kama kumi hivi, akaniuliza, "Hii pichi wameitandika lami?" Kisha akaomba taarifa ya habari.

Unajua sita inanoga kwa nini? Kwa sababu kuna mtu upande wa pili aliyekuwa na nafasi ya kukuvunjia wiketi na kukutoa. Mrushaji akishageuzwa mashine ya kutemea mipira, sita ya arobaini haina tofauti na mlio wa pasi ya umeme ikishika moto. Ilinichosha kuliko mechi ya siku tano, ile kriketi ndefu ya mataifa, na sikutegemea kusema hivyo.

Ratiba nayo sitaki kuipigia kelele sana, kila mtu anaijua. Ila mifano miwili hii haipingiki. Ligi ya Australia, Big Bash, Januari 2016 iliwahi kujaza watu 80,883 uwanja wa Melbourne kwa mechi moja. Wakanogewa, wakaongeza mechi mpaka zikafika 61 kwa msimu, watazamaji wakapungua, na msimu wa 2023/24 ikabidi wapunguze hadi 44. Waliokata ni wenye ligi wenyewe, si wazee kama mimi. Mfano wa pili uliniumiza: Februari 2024 Afrika Kusini walipeleka New Zealand kikosi cha chipukizi kwenye mechi za siku tano, chini ya nahodha ambaye hajawahi kuchezea taifa mechi hizo hata moja, kwa sababu wakubwa walikuwa wamefungwa na ligi ya nyumbani. New Zealand wakashinda zote mbili, mara yao ya kwanza katika historia kuwashinda Afrika Kusini kwenye mfululizo wa mechi hizo. Walingoja zaidi ya miaka 90, wakapewa ushindi wa namna hiyo. Hata washindi sijui walifurahi vipi.

Najua utanijibu kwamba viwanja vya India bado vinafurika na haki za matangazo za 2023 hadi 2027 ziliuzwa zaidi ya dola bilioni 6. Ni kweli tupu. Sijasema biashara imekufa. Umeniuliza kwa nini sisi tumepoa, na sisi hatuna hisa.

Na kuna usiku mmoja walinirudisha. Juni 3, 2025, fainali Ahmedabad, Bangalore na Punjab. Virat Kohli alikuwa Bangalore tangu msimu wa kwanza wa 2008, misimu 18 hajahama, fainali tatu wameshindwa. Ova ya mwisho ilipoanza na mechi imeshaonekana, kamera ikamwonyesha ameshika uso analia. Nikajikuta na mimi nimekaa wima kitandani, mke wangu ananiuliza kuna nini. Walishinda kwa mikimbio 6. Kesho yake watu 11 walikufa kwenye msongamano nje ya uwanja wa nyumbani kwao Bengaluru (ndiyo hiyo Bangalore) wakisherehekea, na furaha yote ikageuka matanga. Lakini umeona kilichonitoa usingizini? Hakikuwa sita. Ni mtu aliyekaa mahali pamoja mpaka pakawa pake.

Ndiyo maana nakataa wanaosema tatizo ni ufupi wa mchezo. Juni 2024, Kombe la Dunia la T20, Uganda waliingia kwa mara ya kwanza. Mechi yao na Papua New Guinea ilichezwa Guyana, kwetu ni saa nane na nusu za usiku. Yule Mganda wa chumba cha Sharjah alinipigia saa nane kasoro kuhakikisha nipo macho. Ova ni zilezile 20. Frank Nsubuga, umri wake miaka 43, alirusha ova zake nne na kutoa mikimbio 4 tu, wiketi 2. Nne! Kwenye mchezo ambao wengine wanatoa nne kwa mpira mmoja. Papua wakaisha kwa 77. Uganda nao wakaporomoka, wiketi 5 kwa mikimbio 26, nikawa nazunguka sebuleni bila viatu nisiamshe watu. Riazat Ali Shah akasimama kama mlango wa jela, 33 kwa mipira 56, mwendo ambao ligi za mnada wangemfukuza mtu. Wakafika 78 zikiwa zimebaki wiketi tatu. Mwenzangu kwenye simu alikuwa halii wala hacheki, anahema tu.

Mimi si Mganda, na siku chache baadaye West Indies waliwatoa wote kwa mikimbio 39 tu. Haikunipunguzia kitu.

Ilipofika saa kumi na mbili nikampigia Baba, nikijua ameshaamka. Nikamweleza yote: 77, 78, mzee wa miaka 43. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: pichi ilikuwaje? Nikamwambia mpira ulikuwa unakamata chini, haufiki kwenye gongo la mpigaji. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama marudio yataonyeshwa saa ngapi.